Toba ya Kitanzini: Songea, 1906

Ndugu zangu, habari za Maji Maji mnazijua, sitazirudia. Mnajua pia kwamba tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, Nkosi, yaani mtawala wao, Mputa Gama akiwamo. Mimi nataka tukae kwenye saa zile za kabla ya kamba. Padri Mkatoliki wa shirika la Wabenediktini, Johannes Häfliger, aliwaendea mahabusu akawahubiria, na wengi wakabatizwa.

Kila nikilieleza hili, hutokea mtu akasema: “Basi walitubu, walikiri kwamba vita vyao vilikuwa kosa.” Hapana! Nani kasema? Kubatizwa ni jambo moja, kukiri kwamba ulikosea kuitetea nchi yako ni jambo jingine kabisa. Mtu kafungwa, kahukumiwa na adui yake mwenyewe, kitanzi kinamsubiri. Hiari yake utaipima kwa kipimo gani?

Mtazameni Mputa. Misheni ya Peramiho ilifunguliwa mwaka 1898. Kabla ya vita, mmisionari wa pale alikichoma kibanda chake cha mahoka, mahali pa kuwaombea wazee wake waliotangulia. Septemba 1905 misheni nayo ikachomwa. Halafu mtu huyuhuyu, akiwa mikononi mwa askari, analetewa dini ya waliomchomea kibanda, na anayetakiwa kutubu ni yeye peke yake! Kibanda kile nani alikitubia?

Najua mtaniambia padri alikuwa na huruma, na kwamba Wabenediktini nao walikuwa na msiba, maana Askofu wao Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake Agosti 1905. Kweli kabisa. Kukaa na mtu anayekwenda kufa ni tendo jema, silikatai. Wala sisemi ubatizo ule haukuwa na maana kwao. Hayo ni kati yao na Mungu. Nasema hivi: serikali ilifaidika na huruma ile. Umati uliokuja kutazama ulimwona padri yuko karibu na mnyongaji, na hukumu ya mkoloni ikaonekana kama hukumu ya Mungu.

Songea Mbano, nduna, yaani jemadari wa Wangoni, nitamgusa tu, muda unakwisha. Simulizi za pale zasema Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akataka afe kama wenzake. Wakamnyonga baadaye. Njaa iliyofuata, baada ya mashamba na maghala kuteketezwa, inahitaji mhadhara wake.

Lakini hili siliachi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaonana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha. Waliokwenda kunyongwa walitakiwa kutubu kabla ya kamba. Dola iliyowanyonga ilichukua miaka 117. Na ukoo ule bado unakidai kichwa cha babu yao, wanachosema kilipelekwa Ujerumani.