Rivolva ya porini: kagua silinda kwanza

Ndugu zangu, karibuni. Kuna maneno yamezoeleka hapa mjini kwamba rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka yenye matundu ya risasi, haikwami. Inakwama, tena ikikwama ni balaa. Risasi isipolipuka unavuta kifyatulio tena, silinda inaleta nyingine. Hapo sifa yake ni ya haki. Lakini silinda yenyewe ikigoma kuzunguka, mara nyingi utahitaji bisibisi na meza, na porini huna.

Kwa hiyo usibabaishwe na mng'aro. Fungua silinda, hakikisha matundu yote sita ni matupu, kisha hakikisha tena. Ifunge, uisukume mbele na nyuma kwa vidole. Chukua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya, hiihii ya mafundi magari wa Gerezani, upime mwanya kati ya silinda na mtutu, silinda ikiwa nyuma, halafu ikiwa mbele. Milimita 0.10 hadi 0.20 haina shida. Chini ya 0.05, masizi na joto vitaibana baada ya risasi chache. Ikizidi 0.25, inatema moto ubavuni.

Sasa vuta nyundo polepole kwa dole gumba, kidole cha mkono wa pili kikiizuia silinda kidogo. Kizuizi, kile kidude kinachoisimamisha silinda, kitumbukie kwenye pengo lake, tak, kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa matundu yote. Moja likichelewa, risasi itaingia mtutuni kwa kukwaruzwa upande.

Kinachosumbua zaidi ni ile nyota ya kutolea maganda, iliyo nyuma ya silinda na kusukumwa na fimbo. Punje moja ya baruti isiyoungua ikinasa chini yake, risasi hazikai sawa na vitako vyake vinasugua fremu. Ndiyo maana maganda hutolewa mdomo wa mtutu ukiwa juu, fimbo ikipigwa kwa nguvu mara moja, ili uchafu udondoke. Mswaki wa zamani unatosha kuisafisha.

Rivolva nyepesi ya .357 Magnum ina kasoro yake: mtikisiko huchomoa vichwa vya risasi zilizobaki. Kule uwanja wa shabaha piga tano, toa ya sita bila kuipiga, uilinganishe urefu na mpya kwa vania, kile kipimo cha mafundi. Ikirefuka, badilisha aina ya risasi.

Grisi iacheni, vumbi huigeuza msasa. Mafuta mepesi, tone moja moja. Mfuko wa ngozi ni wa kubebea tu, si wa kuhifadhia, maana hunyonya unyevu wa pwani, na hata chuma kisichoshika kutu hushika. Mwisho, kaza fimbo ya maganda kama imefungwa kwa hesi. Ikilegea hurefuka, na silinda haifunguki.