DNA Isiyo Mahali Pake

ATUPELE: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Tunarekodi hapa Mbeya, asubuhi ya Julai, na baridi imetulazimisha kufunga madirisha yote. Mimi ni Atupele, nipo na kaka yangu Gwakisa wa maabara. Kaka, wiki iliyopita ulituacha na swali: mwili unajuaje kwamba kirusi kimeingia, wakati haujawahi kukutana nacho hata siku moja?

GWAKISA: Ahsante, dada. Wengi tukisikia kinga tunafikiria kingamwili, zile zinazokuja baada ya chanjo. Hizo zinachukua siku kadhaa. Kabla yake kuna kinga tunayozaliwa nayo, na yenyewe inaamka ndani ya saa chache. Kazi yake ni ngumu, kwa sababu kirusi ni kitu kidogo mno, DNA au RNA, yaani maandishi ya urithi, yaliyofungwa kwenye protini kidogo. Na DNA yake imeandikwa kwa herufi zilezile nne zilizoandika ya kwako.

ATUPELE: Kwa hiyo ukisoma maandishi tu, mgeni humjui.

GWAKISA: Mara nyingi humjui. Ndiyo maana seli inaangalia sana mahali. Chukua jiko la mkaa. Likiwa uani, mama anachemsha maharage. Usiku wa baridi mtu akaliingiza chumbani, akafunga mlango akalala, asubuhi tunaitwa msibani. Jiko ni lilelile. Sasa DNA yako inakaa ndani ya kiini cha seli, uzi wa kama mita mbili umesokotwa humo. Nje ya kiini, kwenye ule ujiuji wa seli, haitakiwi kuonekana. Ikionekana hapo, seli inajua kuna hatari.

ATUPELE: Nani anaiona?

GWAKISA: Kuna kimeng'enya kinaitwa cGAS. Maabara ya Zhijian Chen kule Dallas, Marekani, ndiyo iliyokitambua, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2012. Kikishika DNA hakijali imeandikwa nini. Kinatengeneza molekuli ndogo, cGAMP, inayokwenda kuiamsha protini iitwayo STING, na kutoka hapo amri inafika kwenye jeni. Seli inaanza kumwaga interferoni.

ATUPELE: Hiyo interferoni nimewahi kuisikia.

GWAKISA: Ni ya zamani. Isaacs na Lindenmann waliigundua London mwaka 1957. Seli iliyovamiwa inaitoa, seli za jirani zinaipokea na kujiweka tayari kabla kirusi hakijazifikia. Na ule mwili kuuma wakati wa mafua makali, ule uchovu wa kushindwa hata kuinua kikombe, interferoni imo. Wagonjwa wa homa ya ini waliowahi kuchomwa interferoni kama dawa walijisikia hivyohivyo, na mafua hawakuwa nayo.

ATUPELE: Na virusi vya RNA je? RNA si iko huko nje ya kiini siku zote?

GWAKISA: Hapo umenishika pazuri. Kwa RNA mahali peke yake hapatoshi, kwa hiyo seli inakagua ncha. RNA yako inayobeba ujumbe wa kutengeneza protini haitoki kwenye kiini kichwa wazi, inavikwa kofia maalumu ya kikemia. RNA ya kirusi cha mafua inabaki na fosfeti tatu wazi kwenye ncha yake. Protini inayoitwa RIG-I inazihisi hizo fosfeti. Nyingine, MDA5, inatafuta RNA ndefu ya nyuzi mbili, kitu ambacho seli yenye afya haina kwa wingi. Na vipo virusi vinavyojitengenezea kofia. Mimi hilo linanishangaza kila nikilisoma.

ATUPELE: Kaka, naomba niseme la nyumbani. Mama yangu mdogo kule Tukuyu aliteseka karibu miaka mitatu. Homa haziishi, vidole vimevimba asubuhi hawezi kufunga kitenge. Kituo kimoja cha afya kilimtibu malaria, kikarudia, ikawa taifodi, ikawa UTI. Mashavuni akatoka doa jeusi la pande mbili, kama kipepeo, watu wakasema ni mkorogo. Mwishowe daktari mmoja akamwambia ni lupasi.

GWAKISA: Pole sana, dada. Na lupasi, kinga kuushambulia mwili wenyewe, ndiyo hii habari tunayoizungumza. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake. Seli zinakufa, DNA na RNA zake hazisafishwi vizuri, vihisio, hawa walinzi tuliowataja, vinazikuta na kupiga kelele kana kwamba kuna kirusi. Kuna na ugonjwa wa watoto, madaktari wa Ufaransa Aicardi na Goutières waliueleza mwaka 1984. Mtoto mchanga anaonekana kama aliambukizwa tumboni, wanatafuta kirusi, hawakioni. Mwaka 2006 ikajulikana kwamba baadhi yao wana hitilafu kwenye TREX1, kimeng'enya kinachokula DNA iliyopotea njia. Isipoliwa, king'ora hakizimi.

ATUPELE: Mama mdogo anatumia haidroksiklorokwini. Alipoona jina aligoma, akasema si ile klorokwini iliyokuwa inatuwasha mwili mzima?

GWAKISA: Ni ndugu yake. Klorokwini tuliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Hii nyingine inafika kwenye vifuko vya ndani ya seli ambamo vihisio TLR7 na TLR9 vinakaa, vikipima RNA na DNA ya vitu vilivyomezwa. Inavizuia visizishike. Kwa hiyo anaitumia kutuliza kinga, malaria haihusiki. Aendelee nayo, na macho yapimwe kama daktari alivyompangia.

ATUPELE: Alikatazwa jua pia. Mimi nikamwambia, jua gani na baridi hii?

GWAKISA: Hapana, hapo mwambie amsikilize daktari. Baridi haizuii miale. Hapa mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale ya urujuanimno inavyokuwa mikali. Inaua seli za ngozi, DNA yake inamwagika, vihisio vinaamka upya.

ATUPELE: Basi nitamwomba radhi. Sasa hivi anachuma chai na kofia pana na mikono mirefu, na majirani wanamuuliza anajificha nini. Nitampelekea nyingine ya kubadilisha.