Mshahara Unapokoma: Hesabu za Anayeacha Kazi Kwenda Kujiajiri

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Ndugu zangu wafanyakazi, habari za jioni.

Nimeombwa nije niwatie moyo. Watia moyo mjini hapa wamejaa, wengine wanatoza na kiingilio, kwa hiyo hapo sitawasaidia sana. Mimi nilikuwa mtu wa ugavi, nimezoea hati za malipo na stoo. Leo nasaga karanga hapa Dodoma na kuuza siagi yake. Nimekuja na hesabu. Na hoja niliyonayo ni moja: anayeacha ajira mara nyingi haangushwi na kukosa wateja. Anaangushwa na zile siku zinazopita kati ya kuuza na kulipwa. Ukiwa kazini huzioni, maana tarehe ikifika mshahara umeingia, umeuza au hujauza.

Kujiajiri si jambo la juzi nchini kwetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupokea mishahara miwili, hata kupangisha nyumba. Miaka ya 80 ilipofika mshahara ukawa haumfikishi mtu katikati ya mwezi, na hapo ndipo neno "mradi" likapata maana yake ya nyumbani. Mtumishi alifuga kuku wa mayai uani, mkewe akakaanga maandazi, mwingine akaweka ng'ombe wa maziwa mjini Dar es Salaam. Mwaka 1991 kule Zanzibar chama tawala, CCM, kikalegeza yale masharti ya uongozi, na kilichokuwa kikifanyika kwa kificho kikahalalishwa. Wazee wetu hawakuacha kazi ili waanze. Waliweka mradi pembeni, wakautazama mvua hadi kiangazi, na wengi wao hawakuacha kazi kabisa. Siku hizi kijana anaambiwa "ruka tu, Mungu yupo". Mungu yupo kweli, lakini hata marejesho ya benki nayo yapo.

Tuanze na barua yenyewe, maana hapa watu wanapoteza fedha bila kujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku zisizopungua 28. Nyie watumishi wa umma mna kanuni zenu, ziulizeni kwa afisa utumishi kabla hamjaandika chochote. Ukiacha kwa hiari, siku za likizo ulizolimbikiza ni haki yako, na hati ya utumishi ni haki yako. Kiinua mgongo cha kisheria, zile siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliotimiza, ni cha aliyeachishwa na mwajiri. Wewe uliyeandika barua mwenyewe huna, labda mkataba wako useme vinginevyo.

Kuna kubwa zaidi. Nani hapa anahesabu michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii kuwa ndiyo mtaji? Msione haya. Naam, mikono ni mingi. Ndugu zangu, lile fao la kujitoa, la kuchukua michango yako ukiacha kazi, halipo tena. Mabadiliko ya mwaka 2018, yaliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma ikawa mmoja, PSSSF, yaliliondoa na kuleta fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara, kwa miezi sita. Na aliyeacha kazi kwa hiari yake halimhusu. Fedha yako haijapotea, inakusubiri, ila haitanunua mashine. Kisha angalia umechangia miezi mingapi. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mwenye miaka 13 akiondoka leo na asichangie tena, amejikata mguu karibu na mlango. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wanapokea waliojiajiri wenyewe. Nenda kajiandikishe mwezi huohuo, usingoje biashara ichangamke.

Bima ya afya nayo. Kadi ya ajira ilikubeba wewe, mwenzi wako na wategemezi wanne. Ajira ikikoma, kadi inakoma. Mtoto hachagui mwezi wa kuugua.

Halafu mkopo wa mshahara. Sitawauliza mnyooshe mikono, tutaaibishana. (Kicheko.) Utaratibu wa kumwachia mtumishi angalau theluthi ya mshahara baada ya makato upo kwa sababu wengi wetu tumeshafika hapohapo. Benki ilikukopesha kwa kuamini mwajiri wako, wewe ulikuwa jina tu kwenye fomu. Ukiondoka, deni linabaki na yule aliyekuwa akilikata hayupo. Ushauri wangu hapa ni mkali na najua hautapendwa: maliza deni kwanza. Mtu anayeanza biashara huku analipa bati la nyumba aliyojenga zamani anafanya kazi mbili kwa mtaji wa nusu.

Sasa nije kwenye karanga, kwa sababu huko ndiko hoja yangu inakaa.

Karanga za huku kwetu zinavunwa kuanzia Aprili mpaka Juni hivi. Wakati huo ndipo bei inapokuwa chini na mzigo ni mpya. Ukichelewa mpaka Novemba unanunua kilichobaki, kwa bei ya kilichobaki. Kwa hiyo fedha nyingi ya mwaka mzima inatakiwa iwe mkononi kwa miezi michache tu, na iwe taslimu, mkulima hakukopeshi. Mzigo ukishafika stoo, unapangwa juu ya chaga, mbali na ukuta na sakafu, kwa sababu unyevu unaleta ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu. Hapa Dodoma hatuhitaji kuhadithiwa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa hapa na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kina mama wanakaa na nyungo, wanachambua kwa mkono: iliyosinyaa pembeni, iliyobadilika rangi pembeni, iliyovunjika inaangaliwa mara ya pili. Kazi hiyo inalipwa jioni ileile. Huwezi kumwambia mama aliyeinama siku nzima kwamba duka halijatulipa.

Baada ya hapo kukaanga, kumenya, kusaga, kujaza kwenye makopo, kubandika lebo. Alama ya TBS, shirika la viwango, lazima. Pitieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mpate barua ya utambulisho, maana wajasiriamali wadogo wana nafuu ya gharama kwa njia hiyo. Yote haya umelipa wewe.

Kisha unapeleka dukani, mnaelewana: mali kauli. Wenye maduka hapa wananielewa. Unaacha mzigo, unalipwa ukiuzika. Ukisema duka limechukua katoni kumi umeuza, daftari litakubali, lakini mfuko hautakubali. Supamaketi moja nisiyoitaja ilinizungusha: leo mhasibu amesafiri, kesho ankara haionekani, keshokutwa njoo tarehe thelathini. Siagi yangu ilikuwa imeshaliwa na watu wakarudia kununua. Bidhaa ilipendwa! Nami nilikuwa sina fedha ya kununulia karanga, na Juni ilikuwa inaisha.

Basi ukiwa bado kazini, usijipime kwa kuuliza watu wangapi wamesifia bidhaa, wala umeuza kiasi gani. Andika tarehe uliyotoa shilingi ya kwanza kununua malighafi, na tarehe shilingi ya mwisho ya mzigo ule iliporudi mkononi. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo utakapoishi. Ikiwa ni miezi minne, unahitaji chakula, kodi ya nyumba na ada za miezi minne, mbali na mtaji wa mzigo unaofuata, kwa sababu mzigo wa pili hausubiri wa kwanza ulipwe. Fanya hivyo msimu mzima. Mshahara uendelee kulipia kujifunza huko. Hakuna mfadhili mwingine atakayekulipia.

Watu wa kodi, TRA, ni wepesi kuliko wanavyosemwa, mradi uende mwenyewe. TIN, yaani namba ya mlipakodi, makadirio ya kodi, na malipo kwa awamu nne kwa mwaka: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Awamu ya Juni ndiyo inayogongana na msimu wangu, nanyi tafuteni yenu inagongana na nini.

Na michango ya harusi. Mnacheka, lakini ni gharama. Ulipokuwa ofisini uliandikiwa kiwango cha mfanyakazi. Ukifungua biashara unapandishwa, unaitwa bosi, na kadi inaletwa nyumbani kwa mkono ili usiseme hukuiona. Mimi na mke wangu tulikaa tukapanga kiwango kimoja kwa wote, tukawaambia ndugu mapema. Shangazi alinuna. Bado tunasalimiana.

Mwenye kuweza aombe kwanza likizo bila malipo, badala ya kuandika barua ya kuacha. Waajiri wengine wanakubali kuliko tunavyodhani. Asiyeweza, apange siku ya barua kwa kalenda ya biashara yake: mimi ningesema baada ya madeni ya madukani kurudi na kabla ya msimu wa kununua, huku likizo yako ukiwa umeihesabu na mkataba umeusoma. Ukabidhi ofisi kwa maandishi, yasainiwe, nakala ubaki nayo, na usiondoke getini bila hati ya utumishi.

Mwenyekiti, naona mikono imeshanyooshwa kule nyuma. Tuanze na dada mwenye kilemba cha kijani.