Obijekti Hii Ni ya Kikao Gani?

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie hitilafu za vikao vya hifadhidata, yaani vile vipindi ambamo programu inafanya kazi na rekodi zake, zile zinazozuka mtu anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi baada ya kubadilisha rekodi. Mnazijua. Kusoma rekodi kunakwenda vizuri, kuongeza mpya kunakwenda vizuri, ila kuhariri iliyopo ndiko kunakogoma. Kuhariri kuna hatua mbili: unaichukua rekodi, kisha unairudisha ikiwa imebadilika. Mambo huharibika hapo katikati.

Kuna moja iliyonila siku mbili nzima. Mfumo ulikuwa wa lugha ya Python, ukitumia SQLAlchemy, maktaba ya kuunganisha programu na hifadhidata, na fomu ya mtumiaji kubadilisha namba yake ya simu ilikuwa mara inakubali, mara inaanguka. Kwenye logi ya seva, yaani daftari la matukio yake, palikuwa na mstari mmoja tu. Nausema kwa Kiswahili, na obijekti ni rekodi ikiwa ndani ya programu: obijekti hii tayari imeshikamana na kikao cha 2, na hiki ni kikao cha 3. Nikaivamia fanksheni ya kuhariri, kile kipande cha programu kinachofanya kazi hiyo. Nikaisoma, nikaiandika upya, nikaisoma tena. Haikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye faili nyingine kabisa. Fanksheni ndogo ya kumtambua mtumiaji aliyeingia ilikuwa inafungua kikao chake yenyewe, inamchukua mtumiaji, inamrudisha, na kikao inakiacha wazi. Fanksheni ya kuhariri ikampokea, ikafungua kikao kingine, ikajaribu kumwingiza humo. Obijekti moja haiwezi kuwa mali ya vikao viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ikakataliwa. Na kwa nini mara inakubali? Kile kikao kilichotelekezwa hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta mpaka mfagiaji wa kumbukumbu, sehemu ya Python inayoondoa visivyotumika tena, apite. Akipita mapema, kikao cha 2 kimeshatoweka, na obijekti inapokelewa bila neno. Akichelewa, unaanguka. Ndiyo maana nawaomba sana: hitilafu ya namna hii ikipotea yenyewe, msiseme imepona.

Sasa kikao ni nini hasa? Wengi wanakichanganya na muunganisho, yaani njia ya mawasiliano kati ya programu na hifadhidata, wengine na kumbukumbu ya mtumiaji kuingia kwenye tovuti. Kikao ninachokisema ni daftari la kazi. Kila rekodi unayoichukua inaandikwa humo, kila badiliko linatiwa alama humo, na muamala, yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kukataliwa yote pamoja, ukithibitishwa, daftari linajua ni amri gani za kubadilisha zipelekwe kwenye hifadhidata. Hibernate, maktaba ya namna hiyo kwa upande wa lugha ya Java, inafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujagusa msimbo, ni hili: obijekti hii imeandikwa kwenye daftari gani, nani alilifungua, na nani ana wajibu wa kulifunga?

Kanuni ninayoishika ni ombi moja, kikao kimoja. Ombi la mtumiaji likiingia, kikao kinafunguliwa mahali pamoja panapojulikana. Fanksheni zote zinapewa kikao hicho hicho, hakuna inayojifungulia chake. Jibu likitoka, kinafungwa, hata kama kazi imeharibika njiani. Kikao cha kudumu kilichowekwa juu kabisa ya faili ili kila mtu akitumie ni balaa, maana maombi mawili yakikutana humo, mabadiliko ya huyu yanathibitishwa na yule.

Mtego mwingine ni obijekti iliyohifadhiwa kwenye kache, ghala la muda la kuharakisha kazi. Kikao chake kimeshafungwa, imebaki yatima. Ukiibadilisha, hakuna daftari linaloona badiliko: hakuna kosa, hakuna onyo, na namba ya simu inabaki ya zamani. Dawa yake ipo, amri ya kuunganisha ambayo SQLAlchemy na Hibernate huiita merge. Lakini shikeni hili, maana nimeliona likiwakwaza hata wazoefu: amri hiyo haiingizi obijekti uliyonayo mkononi. Inanakili yaliyomo na kukurudishia obijekti nyingine iliyomo kikaoni. Ukiendelea kuihariri ile ya zamani, unaandika hewani. Mimi mwenyewe naona ni heri kache ihifadhi namba ya utambulisho tu, na rekodi ichukuliwe upya.

Kuna pia hitilafu inayosema muamala wa kikao hiki umeshatanguliwa, yaani umebatilishwa, kwa sababu ya kosa lililotangulia. Hapo pandeni juu kwenye logi. Kosa la kweli liko juu, pengine ni barua pepe iliyojirudia kwenye safu isiyoruhusu marudio. Mtu amelikamata kosa hilo akalinyamazisha, hakuutangua muamala, akaendelea kutumia kikao hicho hicho. Tangueni kwanza, ndipo muendelee.

Vikao visivyofungwa vina deni jingine: vinaweza kushikilia miunganisho. Akiba ya miunganisho ya SQLAlchemy, usipoibadilisha, ina miunganisho 5 ya kudumu na 10 ya ziada. Yote 15 ikishikiliwa, ombi la 16 linasubiri sekunde 30 kisha linaanguka. Watu hukimbilia kuongeza akiba. Kuongeza kunaahirisha tu siku ya kuanguka, kwa hiyo tafuteni anayeshika bila kuachia.

Nimeliacha mwisho lile ninaloliogopa zaidi, kwa kuwa halipigi kelele. Watu wawili wanafungua rekodi ile ile. Wa kwanza anabadilisha anwani, anahifadhi. Wa pili, ambaye fomu yake bado ina anwani ya zamani, anabadilisha simu, naye anahifadhi. Anwani mpya imefutika, na hakuna aliyeambiwa kitu. Wekeni safu ya toleo kwenye jedwali. Fomu ibebe toleo ililolisoma, tuseme 3, na amri ya kubadilisha iseme: badilisha rekodi hii iwapo toleo lake bado ni 3, kisha lifanye 4. Ikirudi na jibu kwamba rekodi 0 zimeguswa, mtu mwingine amekutangulia. Mwonyesheni mtumiaji yaliyobadilika, aamue mwenyewe.

Kulijaribu hakuhitaji vifaa vyovyote. Fungua rekodi moja kwenye madirisha mawili ya kivinjari, badilisha kitu kwenye la kwanza uhifadhi, kisha kingine kwenye la pili uhifadhi, uone mfumo wako unasema nini. Wenye kompyuta hapa, tufanye sasa hivi, nami napita kwenye meza moja moja.