Stima chafu kwenye mitambo midogo ya maji na sola: pima kwanza, filta baadaye

Haya, karibuni nyote, wale mmesimama huko nyuma sogeeni, viti viko hapa mbele. Leo naongea juu ya hamoniki, na naongea hasa na nyinyi mafundi mnaofunga mitambo midogo, ile ya maji huko Meru na Kirinyaga na hizi sola za ploti hapa Nairobi, kwa sababu nikiona mteja anauziwa filta, kile kifaa cha kuchuja hamoniki, ya pesa nyingi kabla mtu hajapima chochote huwa naumia sana.

Stima yetu ni 50 Hz, sindio. Wimbi safi linapanda na kushuka laini mara 50 kwa sekunde. Lakini chaja, TV na taa nyingi za LED hazivuti karenti kufuata hilo wimbi, zinanyonya pale juu kabisa kwa ncha halafu zinaachilia, na hiyo karenti ya kushtukia ukiichambua unakuta ndani yake kuna mawimbi mengine ya 150, 250, 350 na kuendelea. Hizo ndizo hamoniki, 150 ni ya tatu, 250 ni ya tano.

Sasa mtu ataniuliza, mbona mtaa wa Umoja kila nyumba iko na TV na LED na hatuoni shida? Hapo ndio kuna maneno. Gridi ina nguvu, jenereta yako ya mtoni haina. Chukua jenereta yenye riaktansi ya ndani ya 15%, yaani ule ukinzani wa koili zake unaopanda Hz zikipanda, halafu wateja wake wanavuta hamoniki ya tano ya 10% ya karenti yake kamili. Kwa 250 Hz hiyo riaktansi inakuwa mara 5, yaani 75%, na asilimia 10 ya hiyo ni 7.5. Voltiji imechafuka 7.5% kwa hamoniki moja pekee! Karenti ile ile kwa transfoma ya saizi hiyo yenye impidansi (ukinzani wake wa ndani) ya 4% inachafua 2% tu. Na IEEE 519, kile kiwango cha wahandisi cha hamoniki, kwa voltiji ndogo kinataka hamoniki moja isizidi 5% na zote pamoja zisizidi 8%. Kwa hivyo vifaa ni vile vile, ila kijijini vinaumiza zaidi. Ukinunua jenereta ya ukubwa mara mbili ile 7.5 inashuka karibu nusu, na mara nyingi hiyo pesa inasaidia kuliko filta, maana mota nazo zinaanza kuzunguka bila kuisumbua.

Halafu kuna kitu wengi hawakishuku, gavana yenyewe, yaani kile kifaa kinachotuliza mtambo watu wakiwasha na kuzima. Mitambo ya jamii ni midogo, ule wa Tungu-Kabiri kule Mbuiru kwa mfano ulijengwa wa kW 18, na mitambo mingi ya saizi hiyo haifungi maji kila mtu akizima taa, maji yanaendelea tu na stima ya ziada inapelekwa kwa hita. Gavana ya bei rahisi inagawa hiyo stima kwa traiki, swichi ya elektroniki, inakatakata wimbi katikati, na inachafua vibaya zaidi hita ikiwa karibu nusu ya nguvu. Yaani kijiji kizima kimelala, hakuna chaja hata moja, na voltiji bado ni chafu! Dawa yake ni kugawanya hita, weka ya kW 1, 2, 4 na 8, kila moja iwashwe nzima wakati wimbi liko sifuri, hapo unapata kila hatua kutoka 0 hadi 15 bila kukata wimbi. Taa zitacheza kidogo wakati wa kubadilisha, ukitaka zitulie ongeza ka hita ka nusu kilowati.

Kwa sola sitakaa sana. Inverta ya wimbi la ngazi-ngazi, zile za bei ya chini zinazouzwa sana mjini, achana nayo kama kuna friji au pampu, chukua ya wimbi laini. Na pampu yenye draivu (kifaa cha kubadilisha spidi ya mota) inayokula stima ya AC iwekewe choki, yaani koili, ya 3% au 5% mbele yake, ni kitu kidogo na kinapunguza hamoniki ya tano na ya saba vizuri sana.

Sasa nyutro, ule waya wa kurudisha karenti, na hapa nawaomba mnisikize. Kwa fezi tatu, karenti ya 50 Hz ikiwa sawa inajifuta kwenye nyutro, lakini hamoniki ya tatu haijifuti, zinajumlika zote tatu. Nyutro inaweza kubeba karenti hadi mara 1.73 ya fezi, na wewe umeweka waya mwembamba kwa sababu ulifundishwa nyutro haibebi kitu, na nyutro haina fyuzi ya kukuokoa, inachemka tu mpaka inaungua. Pima nyutro kila saiti, na klampu, ile mita ya kubana waya, iwe tru RMS, yaani inayosoma karenti halisi hata wimbi likiwa baya, zile za kawaida zinasoma chini wakati wimbi limeharibika.

Kuna aliyeuliza kuhusu kapasita za mota inayotumika kama jenereta, kwa nini zinavimba. Kwa 250 Hz kapasita inavuta mara 5 zaidi kwa kila volti, kwa hivyo voltiji ikiwa na 6% ya hamoniki ya tano, karenti ya hamoniki ndani ya kapasita ni 30%. Usibadilishe kapasita kila mara zikivimba, kwanza angalia gavana inakata wimbi namna gani.