Waislamu wa Uswisi: minara mnaijua, leo tuongelee makaburi

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Tanga, Mombasa, Unguja na kote mnakonitazama. Niko hapa Bern, na kwenye komenti kila siku mnaniuliza ya minara na nikabu, basi niyaseme haraka tupite. Tarehe 29 Novemba 2009 wananchi walipiga kura, asilimia 57.5 wakasema minara isijengwe tena, ikaingizwa kwenye katiba, na nchi nzima wakati ule ilikuwa na minara minne tu. Misikiti ipo, tunaswali. 2021 ikaja kura ya kukataza kufunika uso hadharani, ikapita kwa asilimia 51.2, na sheria yake imeanza Januari 2025. Inauma, siwafichi. Lakini msikiti usipokuwa na mnara swala inaswihi vilevile, sasa mtu akifa je?

Kwetu mtu akifariki alfajiri, alasiri kashazikwa. Huku kuna makaratasi, siku mbili tatu zinapita maiti bado yuko kwenye friji, halafu sehemu nyingi lazima azikwe na sanduku, na siyo jeneza kama letu linalorudi msikitini, sanduku linashuka nae chini, mambo ya mwanandani hakuna. Na kaburi lina muda, mara nyingi miaka 20 hivi, ikiisha eneo linatumika tena. Hiyo ni kwa wote jamani, hata Wakristo.

Chanzo chake ni cha zamani. Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wanabaguana mpaka kwenye kuzikana, ndo katiba ya 1874 ikayatoa makaburi mikononi mwa makanisa ikayapa serikali ili kila mtu azikwe kwa heshima bila kutengwa. Nia nzuri kabisa, mimi naiheshimu. Ila ukizikwa kwenye mstari wa watu wote kibla unakikosa, kwahiyo Waislamu wakaanza kuomba mji mmoja mmoja, Geneva wakapata sehemu yao 1978, Bern 2000, Zürich 2004, na miji mingi midogo mpaka leo hakuna kitu.

Hapa Bern ni makaburi ya Bremgarten. Nilikuwepo alipozikwa mama mmoja wa kwetu, na yale makaburi yamekaa upande upande ukilinganisha na mengine, maana kibla huku ni kusini mashariki, siyo kaskazini kama kwetu. Mfanyakazi alikuwa na kikatapila kidogo tayari kufukia, imamu akamuomba asubiri, yule kijana akazima injini akaenda mwenyewe kuleta masepetu. Wazee wa Kibosnia na Kialbania, wasiomjua hata jina, wakapokezana mchanga mpaka kaburi likajaa, talkini ikasomwa. Wallahi nililia.

Sasa nyie familia za nyumbani, nawaomba sana, mtu wenu akifa huku msianze kulazimisha arudishwe. Michango inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, maiti anasubiri, na watoto wake wanaoishi huku hawatakuwa na kaburi la kwenda kumzuru. Mimi nimeshaandika wosia, nizikwe hapa hapa. Mama najua unaniangalia, nitakupigia jioni tuongee vizuri. Na nyie mlioko Uswisi, kesho pigeni simu manispaa ya mji wenu muulize kama kuna sehemu ya Waislamu, kama haipo muulize mji gani wa jirani unapokea watu wa nje na kwa bei gani, jibu liandikeni kwenye wosia.