Jirani Akiketi Kati: Arusha ya 1967 na Sisi Watu wa Amu

Asalaam aleikum. Nawashukuru kwa kunikaribisha hapa mbele ya ngome, na zaidi namshukuru aliyeleta kahawa, maana katika mji huu suluhu bila kahawa haijapata kufika mbali.

Nimeombwa nizungumze juu ya nchi jirani zinazopatanisha waliogombana. Mtanisamehe, fahali wawili na nyasi zao nimewaacha nyumbani, tumeshawachosha. Nitaanza na mbuzi: mbuzi ya kukunia nazi, aliyoibeba mama yangu alipokimbia Kiunga, kule karibu na mpaka wa Somalia, wakati wa vita vya shifta. Walipakiwa kwenye mashua usiku, na katika vyombo vyote vya nyumba akashika hicho. Nikimuuliza kwa nini, hujibu: ndicho mkono ulichokipata.

Vita vile vilianza 1963, Wasomali wengi wa kaskazini mashariki mwa Kenya wakitaka kuungana na Somalia. Mwaka 1966 Kenya ikapiga marufuku biashara na Somalia. Juni 1967 mfereji wa Suez ukafungwa, na ndizi za Somalia zilizokuwa zikienda Italia ikabidi zizunguke Afrika nzima. Hebu fikirini ndizi hizo zinafika zikiwa na hali gani. Mwezi uliofuata Mogadishu ikapata waziri mkuu mpya, Mohamed Haji Ibrahim Egal, naye akaona vita hivi havimlipi.

Aliyeuwahi mwanya huo ni Kenneth Kaunda wa Zambia. Septemba, viongozi wa Afrika walipokutana Kinshasa, pande mbili zilikubaliana, pamoja na mengine, kuacha kushambuliana redioni. Msicheke! Anayetukanwa kila jioni mbele ya wanawe atapata wapi uso wa kutoa mkono? Tarehe 28 Oktoba, mjini Arusha, kwa Nyerere, Kaunda akiwa kati, Kenya na Somalia zikafikia hati ya maelewano.

Wako wanaosema mpatanishi lazima awe hana lake. Mimi siamini. Zambia haina bahari, na tangu walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, iliyokuwa njia yake ya kusini, wajitangazie uhuru mwaka 1965, shaba na mafuta yake yalikuwa yakitafuta njia ya Dar es Salaam. Pwani hii ikiwaka, Kaunda anaungua. Mwenye lake ndiye anayevumilia kuketi. Tazameni Sudan na vita vyake vya kaskazini na kusini: mazungumzo ya IGAD, jumuiya ya nchi za upande wetu huu wa Afrika, yalianza miaka ya tisini, Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya akayasukuma hadi itifaki ya Machakos, Julai 2002, na mkataba wenyewe ukatiwa saini Nairobi Januari 2005. Muda wote huo Kenya ilikuwa na wakimbizi wa Sudan kule Kakuma. Asiyekuwa na wakimbizi wala mpaka angeshapanda ndege akarudi kwao. Ninachotaka mimi ni kwamba mpatanishi alitaje lake mapema, asilifunge ndani ya kikoi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Waliokubaliana kule Arusha ni serikali mbili. Mbajuni wa Kiunga hakuulizwa kitu, wala mfugaji wa Garissa. Bunduki zilipungua, hilo nalikubali, na si jambo dogo. Lakini mwaka 1970 Bunge la Kenya likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati wa vita vile, na sheria hiyo ikataja mahali kwa majina: mkoa wa Kaskazini Mashariki, na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Ndiyo, Lamu yetu hii. Miaka 40 ikapita kabla ya Bunge kupiga kura ya kuifuta, 2010. Jirani aliyepatanisha alikwisha kwenda zake, na hakuna aliyemwomba arudi kuuliza waliochomewa nyumba wanalipwa na nani.

Mama hakurudi Kiunga. Alihamia mtaa wa Langoni, mjini hapa, akazeeka hapo, na kila redio iliposema mpaka umetulia alikuwa akisema, “Haya,” akaendelea kukuna nazi yake. Mbuzi ile ninayo mimi sasa. Meno yamelika, kiti kimepasuka upande mmoja, na mke wangu hataki kuiona jikoni.

Haya, maswali. Mzee wangu pale nyuma, nimeuona mkono wako tangu nilipomtaja Egal.